Mota inaguruma, wifi ndiye anayelaumiwa

Asalaam aleikum Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Fuoni, hapa Unguja, katika nyumba aliyoiacha marehemu mkwe wangu. Ndani tumo mimi, mume wangu, watoto na mavyaa. Banda la uani yumo wifi yangu na watoto wake wawili. Alirudi nyumbani mwezi wa Oktoba baada ya kuachwa. Umeme wake anaupata kwa waya uliovutwa kutoka dirisha la jikoni. Mita ya Tukuza, ile ya kununua umeme kwanza ndipo uutumie, ni moja tu, ipo barazani, na hiyo ndiyo iliyotuvunjia heshima humu ndani.

Zamani tukinunua yuniti 200 zilikuwa zinatufikisha siku 21. Oktoba na Novemba zilikwenda siku 20. Disemba zikawa 17. Sasa, na kaskazi hii, siku ya 15 mita inaanza kulia. Nina hakika kwa sababu risiti zote nazichomeka kwenye kabati la vyombo, na tarehe zipo.

Mume wangu anasema ni friza. Nina friza ya mfuniko wa juu, mwaka wa tatu huu, nauza barafu na malai kwa watoto wa skuli, kama lita 15 kwa siku. Mpira wake umechakaa, basi juu ya mfuniko nimeweka kinu ili usiachie. Yeye anataka niiuze. Shangazi, pesa ya friza ndiyo inayonunua madaftari na viatu, sijawahi kumnyooshea mkono.

Mimi namshuku wifi. Kila Alhamisi analeta kanzu za watu, 15 mpaka 20, anazipiga pasi tangu magharibi mpaka isha imepita, ili wenyewe wazivae Ijumaa. Hachangii hata shilingi. Juu ya hayo amenunua jagi la umeme la kuchemshia maji, chini limeandikwa wati 2,000! Nilipomwambia mavyaa, alilia, akasema natafuta kumfukuza mwanawe. Sasa wiki ya pili wifi hanisemeshi. Salamu anazituma kwa watoto, na mimi nazijibu kwa watoto.

Nikaamua kutafuta ushahidi. Usiku mmoja saa 4, watu wameshalala, nikatoka barazani na tochi: 64.3. Nikaamka alfajiri, saa 11 na nusu: 56.7. Nikashtuka, maana pasi ilikuwa baridi. Vinavyokwenda usiku ni feni nne, friji, friza, na globu ya barazani ambayo haizimwi tangu magharibi mpaka jua litoke, mavyaa anaogopa wezi. Nikamwamsha mume wangu, akasema, "Si nilikwambia? Friza hiyo." Tukabishana palepale kitandani, na mota ya kisima nayo inatuzidi sauti. Siku hizi maji hayapandi juu mpaka aiwashe tukienda kulala na aizime alfajiri, tena lazima kwanza aitie kopo la maji ndipo ishike.

Kuna fundi mmoja wa mtaani ameahidi "kuituliza" mita kwa malipo kidogo. Mume wangu amenyamaza, na ninajua akinyamaza maana yake nini. Niuze friza, nimwambie wifi asipige pasi humu, au nimwachie fundi afanye kazi yake?

Mwenye Kinu, Fuoni

*

Waaleikum salaam, Mwenye Kinu.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikacheka, kwa sababu ya hicho kinu. Mara ya pili nikatafuta kalamu.

Nianze na huyo fundi ili nimmalize. Mwambieni hapana, na mumwambie leo. Kuchezea mita ni wizi, ni kosa la jinai, na siku ikikaguliwa mita ni ya nyumba yenu, si yake yeye. Hilo la sheria. La pili ni la roho za watu. Anayeupitisha umeme pembeni ya mita hufungua waya mahali ambapo hakuna breka ya kukulinda, akaufunga kwa utepe, akapokea chake, akenda zake. Hewa yetu ya chumvi unaijua inavyoila shaba. Kiungo kikishapata kutu kinapata moto, na hapo ni darini, na watoto wamelala chini yake. Mumeo akinyamaza, wewe usinyamaze.

Sasa tukae.

Umefanya jambo ambalo wengi wanaoniandikia habari za umeme hawalifanyi. Wao huniletea hasira. Wewe umetoka na tochi ukaleta namba mbili, na risiti zenye tarehe. Ulikwenda kutafuta kosa la wifi yako, na ushahidi ulioupata unamwachia huru.

Tazama. Saa 4 usiku mpaka saa 11 na nusu ni saa saba na nusu. Toa 56.7 katika 64.3, unapata yuniti 7.6. Yuniti moja ni wati 1,000 zikifanya kazi kwa saa moja. Kwa hiyo nyumba yenu, watu wote wamelala, ilikuwa inakula wati 1,000 na ushei, mfululizo, usiku mzima. Ni kama mtu ameshika pasi ya moto tangu mnazima taa mpaka adhana ya alfajiri, hakuiweka chini hata kupumzisha mkono. Nani huyo?

Tuwaite mmoja mmoja. Feni ya kawaida inakula kama wati 60. Nne ni 240, na kwa saa saba na nusu zimechukua yuniti 1.8. Globu ya barazani hukuniambia ni ya namna gani, lakini nyumba yenye mavyaa mwenye kuogopa wezi nadhani ina ile ya zamani ya wati 60, basi tuipe 0.45. Friji tuipe 0.4. Friza yako, na kinu chake juu, naipa 0.8. Jumla haifiki hata yuniti tatu na nusu. Mita inasema 7.6. Zimebaki nne na kitu, hazina mwenyewe.

Mwenyewe yuko uwani, anaguruma.

Mota nyingi za kisima majumbani ni za nusu ya nguvu ya farasi, na ikiwa kazini huvuta kama wati 550 kutoka kwenye soketi. Zidisha kwa saa saba na nusu: yuniti 4.1. Rudi sasa kwenye kabati la vyombo. Yuniti 200 kwa siku 21 ni 9.5 kwa siku. Yuniti 200 kwa siku 15 ni 13.3. Tofauti ni 3.8. Mota yenu ilipokuwa nzima, ikijaza tangi kwa nusu saa hivi, ilikuwa inakula yuniti 0.3 tu. Toa hizo 0.3 katika 4.1 uone unapata ngapi. Nilipofika hapo nilikwenda kujipikia chai, maana ni nadra hesabu za barua kukaa sawa namna hii.

Na risiti hizo hizo zinakwambia jingine. Wifi kaja Oktoba na pasi yake na watoto wake. Angekuwa yeye, Oktoba ingeanguka. Oktoba na Novemba zimepungua siku moja tu, na hiyo siku moja ni halali ya watu watatu waliozidi. Kilichoanguka ni Disemba, kaskazi ilipoingia, na visima vikaanza kushuka. Friza nayo ina miaka mitatu, na ndani ya miaka hiyo mlikuwa mnafika siku 21. Kitu kilichokuwepo zamani hakiwezi kuwa sababu ya jambo lililoanza juzi, isipokuwa nacho kimebadilika. Na kilichobadilika umenitajia mwenyewe mwishoni, kama mtu anayesimulia habari ya mvua.

Kwa nini hamkuishuku? Sikulaumu. Mota haitoi moto wala mwanga, haina mwenyewe wa kugombana naye, na kila mtu anaoga kwa kazi yake. Tena mwenye kuiwasha ni mwenye nyumba. Nakumbuka ule msiba wa Disemba 2009, njia ya umeme ya chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba ilipoharibika na Unguja ikakaa bila umeme mpaka Machi 2010. Watu wa bara walikuwa wanatupa pole ya giza. Giza tulilizoea kwa wiki moja, kandili zipo. Kilichotutoa machozi ni maji. Tulibeba madumu mpaka mabega yakavimba, kwa sababu mota zote zilikaa kimya. Pale ndipo nilipojua kwamba katika nyumba zetu sehemu kubwa ya umeme inateremka bombani. Umeme uliporudi tukasahau.

Sasa mota yenu inaumwa nini? Dalili ni hilo kopo la maji. Mota nzima haitaki kutiwa maji kila siku. Chini ya bomba, ndani ya kisima, kuna vali ndogo inayoyazuia maji yasirudi mota ikizimwa. Ikiliwa na mchanga au ikikwama wazi, bomba lote linajimwaga kisimani, na mota ikiwashwa tena inavuta hewa. Ukiitia kopo inashika kidogo, lakini hewa inaendelea kuingia, na maji yanapanda kwa matone. Sababu ya pili ni kisima chenyewe. Mota inayokaa juu ya ardhi haiwezi kuvuta maji yaliyo mbali chini. Ikizidi mita saba au nane inaguruma tu. Kaskazi ikikausha kisima, mota iliyokuwa inafika kwa tabu haifiki tena.

Ujue ni ipi kati ya hizo mbili kabla hujamwita mtu. Teremsha kamba yenye jiwe kisimani, pale iliporowa mpaka pale mota ilipo upime ni mita ngapi. Halafu weka ndoo ya lita 20 mdomoni mwa bomba linaloingia tangini, mota ikiwa inakwenda. Mota nzima huijaza kwa dakika moja, au chini yake. Yenu, kwa kazi ya usiku kucha, naogopa itakuchukua dakika kumi. Ukiona maji ya kisima hayako mbali, na bado ndoo haijai, ni vali au kiungo kinachovuta hewa, na fundi wa bomba anayejua kazi ataimaliza asubuhi moja. Ukiona maji yameshuka sana, mota ile ya juu haifai tena kwa miezi ya kaskazi, na hapo mna uamuzi mwingine wa kununua ile ya kuzamishwa, ambao ni wa pesa nyingi na sikushaurini kuuharakia. Lakini kwa vyovyote vile, kuanzia usiku wa leo isiwashwe mkalala. Licha ya umeme, mota inayozunguka bila maji inajiunguza.

Nimeshasema mengi kuhusu mota, lakini bado una watu wawili wa kuwaomba radhi, na mmoja ni jagi.

Wati 2,000 zilikutisha, na zingemtisha yeyote. Namba iliyoandikwa chini ya chombo inakwambia kinakula kwa kasi gani, haikwambii kimekula kiasi gani. Kuchemsha lita moja ya maji kwa jagi ni dakika tatu, na ni yuniti 0.1 hivi. Wifi akichemsha mara mbili kwa siku, kwa mwezi mzima ni yuniti 6. Pasi nayo, ukiiangalia vizuri, kitaa chake kinawaka na kuzima, kwa sababu ikishapata moto inajikata. Pasi ya wati 1,000 kwa saa mbili za kanzu inakula kama yuniti 1.3. Kwa mwezi, Alhamisi zote, ni chini ya 6. Sasa zidisha globu ya mavyaa, wati 60 kwa saa 12 kila usiku: kwa mwezi ni zaidi ya yuniti 21. Globu ya barazani inamzidi wifi na pasi na jagi kwa pamoja! Na hakuna aliyeigombanisha na mtu.

Usiizime, mwacheni mama wa watu alale. Mnunulieni taa ya LED ya wati 9, Darajani zimejaa. Baraza itakuwa na mwanga uleule na zile yuniti 21 zitakuwa 3. Feni pia usiziguse. Nimepata barua za watu wanaozima feni ya mtoto usiku wa Januari ili kuokoa yuniti 0.4, halafu asubuhi wanampeleka mtoto hospitali kwa teksi. Feni izimwe chumba kikiwa hakina mtu, basi.

Friza sasa, na hapa mumeo ana haki yake, ingawa si ile aliyoidai. Haikuleta hasara mpya, lakini inakula, na inakula vizuri. Kwa lita 15 unazogandisha na mfuniko usiokaa, inaweza kuchukua yuniti 2.6 kwa siku, karibu 80 kwa mwezi. Hizo ni sehemu ya tano ya umeme wote wa nyumba, na anayezilipa ni yeye. Chukua risiti moja, gawa shilingi ulizotoa kwa yuniti ulizopata, zidisha kwa 80, uone. Hiyo ni gharama ya biashara kama maziwa na sukari, na itoke kwenye mkoba wa malai. Ukiona faida imebaki, biashara ni biashara. Ukiona haikubaki, bora ujue sasa, kabla ya Ramadhani kila nyumba haijaanza kukuulizia barafu.

Na hiyo friza inaweza kula kidogo zaidi ya hapo. Kinu kinakandamiza mfuniko katikati, pembeni unapumua. Chukua noti ya shilingi 1,000, ibane kati ya mpira na mwili wa friza, funga, halafu ivute. Ikitoka bila kukataa, hapo ndipo baridi yako inapotokea na unyevunyevu wa kaskazi unapoingia kuganda. Pima pembe zote nne. Mpira uoshwe kwanza kwa maji ya vuguvugu na sabuni, maana mara nyingi ni sukari ya malai tu imekauka. Ukiwa umepasuka, mafundi wa mafriji wanabadilisha. Barafu iliyoshika kuta ikifika unene wa kidole, iyeyushe. Usiichokoe kwa kisu, utatoboa bomba la gesi na hapo utaiuza kweli, kwa bei ya chuma. Maziwa ya malai yakitoka jikoni yaache yapoe kabisa kwenye sinia la maji kabla hujayatia. Maziwa ya moto unayotia ndani, friza inayalipia mara mbili, kuyapoza yenyewe na kuvigandisha tena vile vilivyoanza kuyeyuka pembeni yake. Na kama imesimama karibu na jiko au imeegemea ukuta unaopigwa na jua la alasiri, ivute, iachie nafasi ya mkono mmoja nyuma. Ule moto inaoutoa ndani lazima upate pa kwenda.

Kuna jambo moja katika barua yako lililonikosesha raha kuliko yuniti zote. Umesema banda la wifi linapata umeme kwa waya uliopita dirishani. Jagi la wati 2,000 na pasi ya wati 1,000 vikiwa pamoja, hizo ni wati 3,000 kwenye waya mmoja, na soketi yenyewe ya kawaida ukomo wake ni kama hapo. Alhamisi ijayo, wifi akiwa katikati ya kanzu zake, ushike waya kwa mkono, ule upande wa nje wenye mpira, na uguse plagi. Ukiwa na moto, au plagi imeanza kuwa kahawia na kunuka, visimamishwe vyote siku hiyo hiyo. Mwite fundi mwenye leseni avute waya unaostahili, na breka yake, na waya wa athi, ule unaoupeleka ardhini umeme unaovuja. Akiwa yupo, mwombe akufungie mita ndogo kwenye njia ya banda. Si ya shirika la umeme, ni ya kuhesabia tu, lakini itawaambia kila mwezi banda limekula ngapi, na hakuna atakayemwambia mwenzake "nadhani".

Kama unataka kuijua nyumba yako bila kungoja usiku mzima, mita yenyewe inasema. Ina kitaa kidogo chekundu kinachopepesa, na pembeni yake imeandikwa namba, kwa mfano 1000 au 1600. Ndiyo idadi ya mipepeso kwa yuniti moja. Kama yako ni 1000, hesabu mipepeso kwa dakika moja. Kumi ni wati 600. Ishirini ni 1,200. Mwambie mwanao mkubwa asimame barazani na saa, wewe uzime kitu kimoja kimoja ndani, naye akupigie kelele namba. Watoto wanaipenda sana kazi hii, na atakuwa mkali kuliko nyote. Mkizima kila kitu, friji na friza zikiwa zimechomolewa, na kitaa bado kinapepesa, umeme unavuja mahali au kuna waya unaokwenda kwa jirani. Hapo usichokoe mwenyewe.

Viyoyozi hukuvitaja, nashukuru, barua ingekuwa kitabu.

Limebaki la watu. Mumeo usimpelekee hukumu. Mwanamume aliyekwambia mwezi mzima kuwa ni friza hatapenda kuambiwa mbele ya mama yake kwamba ni mota anayoiwasha kwa mkono wake mwenyewe. Mwambie tu, Shangazi kanipa mtihani: usiku wa leo mota isiwashwe, tujaze madumu kabla ya magharibi, na wewe mwenyewe ndiye uandike mita saa 4 na alfajiri. Muachie hesabu aifanye yeye. Akigundua mwenyewe atakwenda kumtafuta fundi wa bomba kabla ya chai, na jioni atawasimulia barazani kama vile alijua zamani. Mwache asimulie.

Kwa wifi ndipo penye kazi. Umemsema kwa mama yake kwa jambo ambalo hakulifanya, na mwanamke aliyerudi nyumbani baada ya kuachwa kila neno analisikia kuwa ni "toka". Usimtume mtoto. Nenda mwenyewe uani, Alhamisi, kanzu zikiwa zimemlemea, uchukue moja umkunjie. Maneno yatakuja. Umwambie umepiga hesabu na umemwonea. Mchango wake ni halali kuutaka, lakini uje baadaye, kwa mdomo wa kaka yake, na uwe wa kile anachokula: yuniti kama 12 za pasi na jagi, na feni ya banda. Si nusu ya mita. Na siku mumeo atakapomtajia mchango huo, wewe uwe umeshatangulia kuweka pesa za yuniti 80 za friza mezani, mavyaa akiona.

Niandikie tena ukishapata namba za usiku usio na mota. Nategemea yuniti tatu na nusu, nne ikizidi. Zikiwa bado saba nitakula maneno yangu na tutaanza upya, pengine na huo waya wa dirishani.

Na kinu kirudi jikoni. Wifi yako bila shaka anakihitaji, ila kwa hali ilivyo hawezi kukuomba.